Tairi la boda linaisha upesi? Lisome kabla hujanunua jingine

"Fundi, nimeuziwa tairi feki. Halijamaliza hata miezi minne."

Kauli hii naisikia karibu kila wiki hapa kibandani kwangu Kisauni, Mombasa, na mara nyingi anayeitoa ameshapandwa na hasira, anataka tu nimpe ushahidi akagombane na mwenye duka. Namwambia aketi kwanza. Kisha namuuliza: umetembea kilomita ngapi? Hapo sauti hushuka. Kijana wa steji ya Bombolulu anayevuka Daraja la Nyali mara tano sita kwa siku, jioni akapeleka mzigo Mtwapa, hapati taabu kufikisha kilomita 100. Hizo ni 3,000 kwa mwezi, 12,000 kwa miezi minne. Tairi la nyuma la pikipiki ya kazi likifika hapo halijamdhulumu mtu.

Wapo lakini ambao tairi limewafia kweli kabla ya wakati. Hao nao nawazuia kukimbilia dukani, kwa sababu kilichokula tairi la kwanza bado kiko kwenye pikipiki kinangoja la pili. Utakijua kwa kutazama tairi limelika wapi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, osha tairi liishe matope, washa tochi ya simu, kisha lizungushe polepole kwa mkono mzunguko mzima. Usitazame mahali pamoja ukaridhika.

Na kabla ya yote, pima upepo. Upime asubuhi kabla pikipiki haijatembea, tena kwa kipimo chako mwenyewe. Vile vyenye umbo la penseli havina bei kubwa na vinaingia mfukoni. Nasema chako mwenyewe kwa sababu yalinikuta: zamani nilipokuwa naendesha, nilikuwa nikijaza kituo kimoja cha mafuta kila Jumatatu, naambiwa "thelathini, kaka, uko sawa". Siku niliyonunua kipimo changu nikakuta ishirini na mbili. Bomba lao lilikuwa limepigwa na lori na kuanguka chini mara ngapi, sijui, na hakuna aliyelikagua tena.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zimeandikiwa karibu psi 25 (psi ndiyo namba ya upepo unayoisoma kwenye kipimo) mbele na karibu 28 nyuma ukiwa peke yako, na nyuma hupanda hadi thelathini na kitu mkiwa wawili. Namba kamili ya kwako iko kwenye kitabu au kwenye kibandiko karibu na cheni. Ile namba iliyochongwa kwenye ubavu wa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe, yaani upepo wa juu kabisa linaoweza kustahimili. Wengi wanaisoma hiyo na kujaza hadi hapo. Matokeo yake ndiyo ugonjwa wa kwanza.

Limeisha katikati, pembeni bado lina meno

Tairi la pikipiki ni la mviringo, si bapa kama la gari. Ukilijaza kupita kiasi, linasimama juu ya mstari mwembamba wa katikati, na mstari huo ndio unaobeba wewe, abiria na mfuko wake wa mchele. Litaanza kuwa bapa katikati kama limepigwa randa.

Usilaumu upepo peke yake, hata hivyo. Barabara iliyonyooka nayo inaleta umbo hilohilo. Anayetoka Miritini kila siku kwenda Kwale kwa barabara ya Dongo Kundu, au anayepanda na kushuka barabara ya Malindi, tairi lake haliinami kulia wala kushoto, basi pembeni patachakaa na nini? Tofauti utaiona kwa kipimo. Ukikuta upepo uko sawa na katikati ni bapa, hiyo ni kazi ya safari zako, endelea. Ukikuta 40, punguza, lakini asubuhi. Tairi likipata joto upepo wake unapanda. Kila nyuzi 10 za joto zinaongeza kama psi moja na nusu. Ukipunguza mchana wa Februari tairi likiwa linachoma mkono, kesho alfajiri utakuwa umeshuka chini ya kipimo bila kujua.

Umbo bapa likishakolea utalisikia hata kabla ya kuliona: pikipiki inakataa kuinama kwenye kona, kisha ghafla inaangukia ndani.

Limeisha upande mmoja

Huu ndio ugonjwa unaonipa kazi nyingi, na ndio ulionifundisha kutazama.

Kwanza jambo dogo la kuondoa wasiwasi. Hapa kwetu tunaendesha kushoto, na barabara imejengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yateremke kandoni. Ukiwa wima kwenye upande wako wa kushoto, sehemu ya tairi inayogusa lami ni ile ya kulia kidogo, kwa sababu huko ndiko barabara ilikoinuka. Ongeza mizunguko: pale Makupa unazunguka ukiwa umelalia kulia, tena kwa mduara mrefu, wakati kona ya kushoto huwa fupi na ya polepole. Kwa hiyo upande wa kulia ukichakaa kidogo kuliko wa kushoto, si kitu.

Uchakavu ukiwa si mdogo, au ukiwa ni wa kushoto, tafuta gurudumu lililokaa mshazari.

Mwaka mmoja tairi langu la nyuma lilikwisha upande wa kushoto hadi nyuzi zikaonekana, na wa kulia ungeweza kuuza kama mpya. Nilibadilisha tairi. Jipya nalo likaanza vilevile. Nikasema hii kampuni ya matairi ni wezi, nikahamia nyingine, ya bei. Wiki ya tatu nikapita nyuma ya pikipiki yangu ikiwa imeegeshwa, nikaona kwa macho tu kwamba cheni inaingia kwenye spoketi kwa mshazari, kama mtu anayevaa kofia upande. Fundi aliyenikazia cheni miezi kadhaa nyuma alikuwa amezungusha nati ya kulia mara tatu na ya kushoto mara mbili. Basi. Mzunguko mmoja wa nati umenila matairi mawili na nusu. Sikwenda kugombana, kwa sababu na mimi nilikuwa nimesimama palepale namtazama huku nikibonyeza simu.

Jinsi ya kukagua. Kwenye mkono unaoshika ekseli ya nyuma kuna alama ndogo zilizochongwa, kulia na kushoto. Hesabu alama zilizobaki kila upande, lazima zilingane. Mimi siziamini sana alama hizo kwenye pikipiki zilizowahi kuanguka, kwa hiyo nachukua uzi. Funga fundo, shika kichwa kimoja katikati ya bolti ambayo mkono huo umeingilia kwenye fremu, vuta hadi katikati ya ekseli, weka alama ya kalamu. Hamia upande wa pili. Uzi uleule, fundo lilelile. Ukipishana hata kwa milimita 3, umepata mwizi wako.

Kama uzi unalingana na bado tairi linalika upande, shika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, juu na chini, lisukume huku na huku. Likigonga "tok tok", ni beringi au bushi za ule mkono zimekwisha. Halafu angalia spoki: rimu inaweza kuwa imevutwa upande mmoja na spoki zilizokazwa ovyo. Na tazama mzigo wako. Anayefunga mitungi ya gesi upande wa kushoto kila siku anaendesha pikipiki iliyolala kila siku.

Cheni yenyewe isikazwe kama waya wa kuanikia nguo. Icheze kama sentimita 2 hadi 3 kwa katikati, halafu zungusha gurudumu upime tena mahali pengine, kwa sababu cheni iliyochakaa inalegea hapa na kukaza pale.

La mbele lina mawimbi

Pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kwanza kwenda mbele, kisha kurudi. Likiwa laini upande mmoja na kukukwaruza upande mwingine, au ukiona vibonde vimepangana kama ufuo maji yakipwa, tatizo haliko kwenye mpira. Gurudumu linadunda. Linagusa lami, linaruka, linagusa tena, na kila linapotua linakwangua.

Dunda hilo huja na shokomzoba zilizomwaga mafuta. Utaona mafuta meusi kwenye bomba la mbele, na vumbi limeganda hapo. Huja pia na beringi za shingo: inua gurudumu la mbele juu, shika foku, yaani yale mabomba mawili yanayobeba gurudumu hilo, kwa chini, vuta na sukuma. Ikicheza, kaza au badilisha. Rimu iliyopinda utaijua kwa kalamu: iegemeze kwenye foku ncha ikikaribia rimu, zungusha gurudumu, utaona nafasi ikifunguka na kufunga. Upepo mdogo na kupenda sana breki ya mbele huzidisha yote hayo.

Kubadilisha tairi bila kutengeneza shokomzoba ni kununua mawimbi mapya.

Kipara kimoja tu, kwingine kuzima

Hiki ni kidonda cha breki. Abiria amekupungia mkono pale Mwembe Tayari, wewe umekanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote kabla hajachukuliwa na mwenzako, gurudumu limefunga na tairi limesagwa mahali pamoja. Mara moja haina neno. Tatizo ni kwamba palipoanza kuwa bapa ndipo gurudumu litakapopenda kufunga tena.

Kama hupigi breki hivyo, inua gurudumu lizunguke. Likisimama upesi bila sababu, breki ya dramu haiachii. Hapa Pwani chumvi inaingia kwenye kile kipini cha kupanulia viatu vya breki, kinashika kutu, na breki inabaki imekumbatia ngoma mchana kutwa. Ishara yake ni kitovu cha gurudumu kuwa cha moto baada ya safari fupi. Dawa ni kufungua, kusugua kwa msasa na kupaka grisi kidogo sana, tena mbali na viatu.

Ubavu una nyufa, au umevimba

Nyufa ndogo nyingi kama za udongo mkavu: uzee, jua, na upepo mdogo uliolifanya tairi lijikunje kila mzunguko. Pikipiki inayoegeshwa juani kutwa nzima itazipata mapema kuliko inayopata kivuli cha mwarobaini. Kuna wanaopaka tairi dizeli au mafuta machafu ya injini ili ling'ae. Usifanye. Mafuta yanalainisha mpira na kuuozesha, na yakifika kwenye meno utateleza.

Uvimbe ni habari nyingine. Kinundu kimoja cha ukubwa wa ndimu ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika, pengine ulipoparamia tuta bila kuliona au ukingo wa shimo. Hakuna kiraka cha ndani wala tyubu mpya itakayorudisha nyuzi. Hilo nikiliona silifungi tena, hata mwenyewe akikasirika.

Pancha zisizokwisha

Mtu akija na pancha ya tatu ndani ya wiki mbili simpigii hesabu ya kiraka kwanza. Naitoa tyubu bila kupoteza mpangilio: valvu inabaki imeelekea palepale ilipokuwa kwenye tairi. Kisha naijaza upepo, naizamisha kwenye karai, na natazama tundu liko upande gani.

Tundu likiwa upande wa nje, unaotazama barabara, kuna kitu kimechoma. Pima umbali wa tundu kutoka kwenye valvu, uhamishie kwenye tairi, utapapata mahali penyewe. Hapo pitisha kitambaa ndani ya tairi, kisha vidole taratibu. Mara nyingi mwiba au kipande cha waya bado kimo, ndiyo maana viraka havishiki. Njia za malori ya makontena, Changamwe na Magongo na kuelekea bandarini, zina vipande vya waya na misumari ya mbao. Njia za ndani za Likoni na kwetu Kisauni zina matumbawe yaliyopondwa, na jiwe la matumbawe lina ncha zinazokata meno ya tairi vipandevipande. Tairi likishabaki jembamba, hata kipande cha kifuu cha nazi kinapenya. Ukianza kupata pancha za nje kila mara na tairi limekaribia kipara, tatizo si barabara.

Matundu mawili madogo yamekaa sambamba kama meno ya nyoka: tyubu ilibanwa kati ya rimu na shimo. Upepo ulikuwa mdogo au mzigo mkubwa.

Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu: kichwa cha spoki kimetokeza. Ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki umehama au umeoza. Ukanda mpya una bei ya soda mbili tatu, na kuna watu wamebadilisha tyubu nne kabla ya kuununua. Spoki iliyotokeza ikatwe na ipigwe tupa.

Tundu kwenye shina la valvu, mpira umechanika: hii watu wengi hawaielewi. Tazama valvu ikiwa bado imefungwa kwenye gurudumu. Imesimama wima kuelekea katikati ya ekseli, au imelala? Ikiwa imelala, tairi limekuwa likiteleza juu ya rimu kila unapotoka kwa nguvu au kufunga breki, likiburuta tyubu, na tyubu inavuta valvu hadi inang'oka. Sababu ni upepo mdogo. Naweza kutazama pikipiki kumi zilizopangwa steji na kukuambia zipi hazijatiwa upepo mwezi mzima, kwa kutazama valvu tu.

Na mwisho, tundu dogo la mkwaruzo lisilo na maelezo. Hilo ni letu mafundi. Tulibana tyubu kwa chuma cha kung'olea tairi wakati wa kufunga. Dawa: tia tyubu upepo kidogo ipate umbo kabla ya kuiingiza, paka ukingo wa tairi maji ya sabuni, na usitumie bisibisi kama chuma cha tairi. Kiraka cha moto, kile cha pistoni kuukuu iliyobanwa juu ya tyubu na kutiwa mafuta taa ikawashwa, ni kizuri kikisimamiwa. Kikiachwa kiungue kwa sababu fundi ameenda kunywa chai, kinaacha mpira mgumu unaopasuka pembeni mwa kiraka.

Upepo unapungua, pancha haipo

Kwa tairi la tyubu, tema mate au tia tone la maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Povu likipanda, badilisha ule moyo mdogo wa ndani, na weka kifuniko. Vumbi na mchanga ndivyo vinavyouharibu.

Kwa tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, mtuhumiwa wa Mombasa ni chumvi. Hewa ya bahari inaila rimu. Ya chuma inashika kutu, ya alumini inatoa unga mweupe, na pale ukingo wa tairi unapokaa hapafungi tena sawasawa. Mwagia maji ya sabuni mduara mzima pande zote mbili, utaona povu jembamba likitambaa pembezoni mwa rimu. Tairi litolewe, rimu isuguliwe hadi iwe laini, ifungwe tena. Anayevuka feri ya Likoni kila siku, magurudumu yakipita juu ya mabati yaliyolowa maji ya bahari, aoshe rimu kwa maji baridi ya mfereji angalau kila wiki. Wengine wanaitia tyubu tairi la tyubulesi na kuiacha rimu iendelee kuoza. Inafanya kazi, ila sasa umerudi kwenye matatizo yote ya tyubu niliyotaja hapo juu.

Linaisha sawasawa pande zote, ila upesi mno

Hapa upepo uko sawa, gurudumu limenyooka, breki nzuri. Basi tunazungumza kuhusu mzigo, mkono, joto na aina ya tairi.

Mzigo una hesabu. Tazama ubavuni: tairi la nyuma la boda nyingi limeandikwa mfano 3.00-17 50P. Namba 50 ni daraja la uzito, maana yake kilo 190 juu ya tairi hilo moja. P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa, hilo tuliache, hakuna abiria atakayekuvumilia. Sasa chukua muuza maji. Mitungi sita ya lita 20 ni kilo 120, na karibu yote imekaa nyuma ya ekseli au juu yake. Yeye mwenyewe kilo 70, pikipiki kama 120. Sehemu ya tairi la nyuma katika vyote hivyo inapita kilo 200. Tairi hilo linaishi nje ya uwezo wake kila siku, linajikunja, linapata joto, na mpira wa moto unalika kama kifutio. Mwenye madafu vilevile, na mwenye magunia ya mkaa. Hao ningewaambia wapunguze mtungi mmoja na kuongeza safari, lakini najua bei ya mafuta, kwa hiyo nawaambia angalau watafute tairi lenye daraja la juu zaidi kwa saizi ileile, na upepo wa mzigo upimwe kila asubuhi.

Joto: kuanzia Januari hadi Machi mchana unafika nyuzi 32, 33, na lami yenyewe ni ya moto kuliko hewa. Jaribu kuikanyaga peku saa nane. Tairi lenye upepo mdogo kwenye lami hiyo linajipika kwa ndani na kwa nje. Ndiyo maana miezi ya kaskazi kibanda changu hakikai mtupu.

Mkono: kufyatua klachi kila taa ikiwa kijani, na kupanda kutoka kwenye feri kwa gia ya kwanza injini ikilia, vyote hivyo hulipwa na tairi la nyuma, kwa sababu ndilo linalosukuma. La mbele kwa kawaida hukaa muda mrefu zaidi, na likimtangulia la nyuma kuisha rudi kwenye sehemu ya mawimbi.

Aina: yale matairi ya meno makubwa yanapendwa kwa sura yake. Ni mazuri matopeni, mvua za Aprili na Mei njia za ndani zikigeuka uji. Kwenye lami meno machache ndiyo yanayobeba uzito wote, yanapinda, yanasagika. Kama asilimia kubwa ya kazi yako ni Moi Avenue na Digo Road, unalipia sura. Upande wa pili, mpira mgumu sana unadumu, lakini kwenye kabro iliyolowa ya Mji wa Kale ni sabuni. Mimi mwenyewe nachagua la kati na kukubali kununua mapema kidogo. Nina watoto.

Lilikuwa limekufa tangu dukani

Hili lipo, sitaki kuwatetea wenye maduka kupita kiasi. Ubavuni tafuta namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoning'inizwa mlangoni mwa duka kwa jua la miaka mitano sita litakuwa gumu na lenye nyufa hata kama halijagusa barabara. Lipinde kidogo kwa mikono utazame kati ya meno. Na tairi lisilo na namba hizo kabisa, mimi silifungi pikipiki yangu.

Tazama pia mshale wa mwelekeo. Fundi mwenye haraka hulifunga kinyume, na meno ya kutupa maji yanayakusanya. Jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake, kwa hiyo kilomita 100 za mwanzo inama taratibu.

La mwisho ni kujua limeisha lini. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, na ubavuni pameandikwa TWI au pana kishale kinachokuelekeza vilipo; kwa pikipiki kwa kawaida vina kimo cha milimita 0.8. Meno yakishalingana na vinundu, limekwisha, hata kama kwa mbali linaonekana lina sura. Kuna wanaolichonga upya kwa kisu cha moto lirudi na mistari. Matairi haya madogo hayana unene wa kuchongwa. Unachokata ni kile kidogo kilichobaki kati ya msumari na tyubu.

Siku ukifunga jipya, chukua kalamu ya wino mzito, fungua kifuniko cha ubavuni, andika kwa ndani kilomita zilizopo kwenye mita na tarehe. Nikikuuliza tena umetembea ngapi, usinijibu kwa miezi.